Kufanyia Kazi Nyumbani: Kumbukumbu ya Hai Amarat, Juba, 2020

Tunapojadili kufanyia kazi nyumbani, kwa kawaida tunauliza kama mfanyakazi anaridhika kwa kuepuka safari na kuwa karibu na watoto. Katika insha hii naonyesha kwamba mtaani kwetu, Hai Amarat, jibu linategemea pia historia ya agizo lenyewe: "Kaeni nyumbani."

Juba ililijua agizo hilo kabla ya korona. Mapigano yalipozuka mjini tarehe 15 Desemba 2013, na tena Julai 2016, watu walijifungia ndani. Shangazi yangu ni karani wa hesabu katika shirika moja mtaani hapa. Anakumbuka kwamba mwaka 2016 wakubwa wake wa kigeni waliondolewa, wakaendelea na kazi wakiwa Nairobi. Yeye alibaki nyumbani wiki kadhaa bila kazi wala habari ya mshahara.

Mwaka 2020, Kenya ilitangulia: tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alihimiza ofisi ziwaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Sudan Kusini ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 5 Aprili. Shirika likampa shangazi kompyuta, akaja nayo nyumbani.

Nilidhani angelalamika. Umeme ulikatika, mafuta ya jenereta alinunua mwenyewe, na sisi watoto, shule zikiwa zimefungwa, tuligombana pale pale mezani pake. Nilipomuuliza juzi, alinijibu: "Mwanangu, mwaka 2016 nilikaa nyumbani kama mtu aliyesahauliwa. Safari hii kila asubuhi walinitafuta."

Hata hivyo, ofisi ilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza kurudi. Alipenda kuaminiwa, si kufanya kazi gizani. Tena, mpishi wa ofisi hiyo hiyo hakuwa na kazi ya kubeba kwenda nayo nyumbani, na mama aliyeuza chai nje ya lango alipoteza wateja wake wote. Kwao, agizo la 2020 lilifanana sana na lile la 2016.

Ushahidi wa nyumba moja hautoshi kuuhukumu mji mzima. Lakini unatufundisha kwamba, kabla ya kumuuliza mfanyakazi kama anaridhika nyumbani, tumuulize mara ya mwisho alipoambiwa akae nyumbani ilikuwaje, na ni nani aliyemkumbuka.