Shamba la Bibi Holaria

Likitajwa neno katiba, wengi wetu tunaona ni mambo ya waheshimiwa huko bungeni. Leo tuizungumze kwa shamba la bibi mmoja wa Kihaya, kule Muleba, mkoa wa Kagera.

Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake, tena kwa wosia halali. Umri ukaenda, na wa kumtunza hana. Agosti 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Jamaa yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, hakukubali, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo, nayo ikasema mauzo ni batili. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Mwanamume aliweza kuuza. Sisi tuliokulia na faraidhi, ambapo fungu la binti likishakuwa lake ni lake, jambo hili lilitushangaza sana.

Hapo ndipo katiba ikaingia. Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila haki za msingi kuandikwa kwenye katiba, na hata Katiba ya 1977 ilianza bila sura hiyo. Haki hizo ziliingizwa 1984, mwaka ule ule Zanzibar ilipopata Katiba yake yenye sura ya haki. Lakini Serikali ya Muungano ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, ndipo watu wakaweza kwenda mahakamani kuzidai kuanzia Machi 1988. Miezi mitano kabla ya Bibi Holaria kuuza shamba!

Mahakama ya Wilaya ikampa haki. Bernardo akakata rufaa, na kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya. Kulikuwa na kigingi: ibara ya 13 ilikataza ubaguzi, lakini katika kuueleza ilitaja kabila, dini, rangi na mengineyo, neno jinsia halikuwemo. Jaji akaegemea Tangazo la Haki za Binadamu, ambalo Katiba yenyewe inalitaja, na mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ambao Tanzania iliuridhia 1985. Februari 1990 akaamua kuwa sheria ya zamani isomwe kwa namna inayolingana na Katiba, kwa hiyo mwanamke wa Kihaya auze kama anavyouza mwanamume.

Hakuwanyang'anya ukoo kila kitu. Mwanamume akiuza bila idhini, ukoo huweza kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei. Basi na hapa wakapewa miezi sita walete hizo 300,000.

Neno jinsia liliongezwa kwenye ibara ya 13 mwaka 2000.