Tabibu Kijana na Bingwa wa Mimea

Ndugu msomaji, mwanao anayesomea elimu ya viumbe akikuuliza kazi ataipata wapi, msimulie habari za Ibn al-Baytar. Huyu alikuwa mtu wa Málaga, akasoma mimea Sevilla kwa Abul Abbas an-Nabati, kisha akasafiri mpaka Misri, na Sultani al-Kamil akamfanya mkuu wa wajuzi wa mitishamba.

Mwaka 1236 tabibu Ibn Abi Usaybi'a, angali kijana, alikutana naye Damascus. Akafuatana naye nje ya mji kuitazama mimea pale ilipoota, akasoma kwake maelezo yake juu ya kitabu cha Dioscorides. (Siku hizi wengi hukimbilia shahada, mwalimu hawamtafuti.) Bingwa alifariki 1248, akaacha kitabu cha dawa zipatazo 1,400. Na habari za maisha yake twazijua zaidi kwa kalamu ya yule kijana, aliyekuja kuandika tarehe ya matabibu.