Imani Kati ya Mtawala na Raia katika Milima ya Usambara

Utawala wa Wakilindi, ukoo ulioongoza Usambara kutoka Vugha tangu karne ya 18, ulisimama juu ya imani ambayo raia waliweza kuitoa na pia kuiondoa. Masimulizi ya Washambaa, wenyeji wa Usambara, yanamtaja mwanzilishi wake, Mbegha, kuwa mwindaji mgeni aliyekubalika kwa sababu aliwagawia watu nyama na kuamua kesi zao kwa haki, na inafaa kuzingatiwa kwamba ukoo wa kifalme wenyewe ulihifadhi historia inayoanza kwa ridhaa, si kwa vita. Siku ya kumtawaza Simba Mwene, yaani mfalme, raia walimtamkia hadharani kwamba nchi ni yake, lakini asipowatendea vyema watamwondoa. Kipimo kilikuwa mvua na chakula: mtawala mwema alisemwa kuwa anaiponya nchi, kwa Kishambaa kuzifya shi, ilhali ugomvi wa wakuu waliolingana nguvu uliaminika kuleta njaa. Ndiyo maana kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, kilichofuatwa na vita vya urithi kati ya wanawe na wajukuu wake na kuuzwa kwa watu utumwani, kilivunja zaidi ya umoja wa dola, kwa kuwa raia waliona waliokabidhiwa uhai wao wakiuuza.

Wakoloni wa Kijerumani, waliomnyonga mfalme Mputa mwaka 1895, kisha Waingereza, waliwafanya mazumbe, yaani machifu, kuwa watumishi wa serikali ya kigeni. Hasara yake ilidhihirika katika mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia Mlalo mwaka 1946, ambao uliwalazimisha wakulima kulima matuta kwenye miteremko mikali. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na wataalamu hawakukosea kuuhofia. Lakini mzigo wa jembe uliwaelemea hasa wanawake, na wengi waliamini kwamba mashamba yanatayarishwa ili yachukuliwe na Wazungu, hofu isiyoweza kuitwa ujinga katika milima ambako ardhi ilikuwa imekwisha kutwaliwa kwa mashamba ya kahawa na hifadhi za misitu. Zumbe aliyeitangaza amri hiyo barazani hakuwa na neno la kuwatuliza watu, kwani hawakuwa wao waliomweka wala wenye uwezo wa kumwondoa. Mpango ulipoachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakulima walikuwa wamekwisha kuyapeleka malalamiko yao kwa TANU, chama kilichopigania uhuru, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikayafuta mamlaka ya machifu.