Kitimwendo cha Umeme na Skuta Saidizi

Kitimwendo cha umeme ni kiti cha magurudumu kinachoendeshwa kwa mota na betri. Anayekikalia hukiongoza kwa kijiti kilichofungwa penye egemeo la mkono. Skuta saidizi nayo ni ya umeme, ila ina usukani wa mipini mbele ya kiti, na huwafaa zaidi wanaoweza kutembea hatua chache lakini si mwendo mrefu. Kitimwendo ni neno lililokwisha kuzoeleka Tanzania. Skuta peke yake ni aina ya pikipiki, ndiyo maana imeongezwa saidizi, kama katika vifaa saidizi, kundi la fimbo nyeupe, magongo na shimesikio.

Sheria huuliza kwanza chombo kimekusudiwa nani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Ulaya swali hilo lilifika mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kinachotazamwa ni kusudio la chombo. Kwamba hata mzima anaweza kukipanda hakubadili kitu.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1988 zinamtazama mtumiaji mwenyewe. Chombo cha daraja la pili hakizidi kilomita 6.4 kwa saa. Cha daraja la tatu hufikia 12.8 barabarani, lazima kisajiliwe, na mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Leseni ya udereva haitakiwi. Lakini anayeruhusiwa ni mwenye ulemavu, pamoja na muuzaji anayekionyesha, mkufunzi, au fundi anayekipeleka au kukitoa matengenezoni. Kijana mzima anayekipanda kitimwendo cha babu yake kwenda sokoni amevunja sheria.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 20 inataka mwenye ulemavu aweze kwenda kwa namna na wakati autakao, kwa gharama anayoimudu, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya tangu mwaka 1973, siku ambazo vyombo hivi vilikuwa vigeni kabisa nchini.

Kanuni ya Uingereza haiwezi kuhamishiwa mji wa Tanzania kama Hedaru jinsi ilivyo, kwa kuwa msingi wake ni njia ya waenda kwa miguu iliyosakafiwa. Mji huu umekaa kandokando ya barabara kuu iendayo Arusha, chini ya Milima ya Upare. Nje ya lami ni mchanga na kokoto, na magurudumu madogo ya mbele huzama. Aliye kitini hubaki kwenye bega la barabara, mabasi na malori yakimpita, ilhali kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa. Kwa Hedaru kanuni ingefaa ianzie hapo barabarani, ikitaja taa, viakisi mwanga na upana wa bega la barabara, kisha ndipo ifike kwenye umri na usajili.