Shanta au sanduku? Namna ya kuteua chombo cha kubebea droni kubwa ya kamera

Si kila droni huharibikia angani. Nyingine huvunjika ndani ya buti la gari, mgongoni mwa abiria wa bodaboda au mikononi mwa wachukuzi wa uwanja wa ndege, kabla mwenyewe hajabonyeza kitufe hata kimoja. Mpigapicha aliyekwisha kupokea arbuni ya arusi mjini Kisumu, kisha akafungua mzigo wake asubuhi ya shughuli na kukuta kishikio cha kamera kimepinda, hana la kuwaeleza maarusi. Arusi haiahirishwi kwa sababu ya mota ndogo iliyokwama, na arbuni itadaiwa.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hukumbuka chombo cha kubebea mwisho kabisa, wakati pesa zote zimekwisha kwenye droni na betri.

Wenye droni ndogo za kukunjwa hawasumbuki sana. Mavic 3 ya kampuni ya DJI ya Uchina ina uzani wa gramu 895, na mikono yake ikikunjwa hutoshea katika mkoba wa kawaida wa begani. Phantom 4, iliyotolewa mwaka wa 2016, haikunjiki. Ina takriban kilo 1.4, na umbali wa sentimita 35 kimshazari kutoka mota moja hadi nyingine, bila kuhesabu rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka. Inspire 2, iliyozinduliwa mwaka huo huo kwa ajili ya watengenezaji filamu, ni kubwa zaidi: sentimita 60.5 kimshazari na kilo 3.44 ikiwa na betri zake mbili, kabla ya kamera kutiwa. Mrithi wake, Inspire 3 ya mwaka wa 2023, hukaribia kilo 4 ikiwa na kamera na betri.

Uzani huo ni mwanzo tu wa hesabu. Inspire 2 huruka kwa betri mbili kwa pamoja, na mtu anayekwenda kazini hawezi kutegemea jozi moja. Akichukua jozi tatu za ziada, hizo ni betri sita zenye gramu 515 kila moja, yaani zaidi ya kilo 3. Aongeze kidhibiti cha mkononi, kamera na lenzi zake, chaja, rafadha za akiba na tarakilishi ndogo ya kuhifadhia picha, naye atajikuta na mzigo wa kilo 10 au zaidi ambao bado haujatiwa kwenye chombo chochote. Chombo nacho kina uzani wake.

Kwa sababu hiyo, kosa la kwanza ni kwenda dukani na vipimo vya droni peke yake. Kinachostahili kupimwa mwanzo ni safari. Mzigo utapita wapi kati ya nyumbani na mahali pa kurushia, na ni kipande kipi cha njia hiyo kilicho kibaya zaidi? Anayefanya kazi Nairobi na kuegesha gari hatua ishirini kutoka ukumbi wa sherehe hana haja na shanta. Anayepiga picha za maporomoko ya maji katika milima ya Aberdare, ambako gari huachwa nyuma na watu wakapanda kwa miguu, sanduku gumu la magurudumu litamgeuza mtumwa wake. Chombo huteuliwa kwa kuangalia kipande kigumu, kwani hapo ndipo mzigo huanguka.

Sanduku gumu ndilo lenye sifa kubwa zaidi, na sifa hizo si za bure. Kampuni ya Pelican, iliyoanzishwa California nchini Marekani mwaka wa 1976, ilijipatia jina kwa masanduku ya plastiki nzito yenye mkanda wa mpira kwenye ukingo wa kifuniko ili maji na vumbi visipenye. Siku hizi ziko kampuni nyingi zinazounda masanduku ya namna hiyo, mengine kwa bei nafuu. Mnunuzi aangalie alama ya IP67. Tarakimu ya kwanza, 6, humaanisha kwamba vumbi haliingii kabisa. Ya pili, 7, humaanisha kwamba sanduku linaweza kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa muda wa dakika 30 bila kilichomo kuharibika. Kwa mtu anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Manda na kuvuka kwa mashua hadi mji wa Lamu, tarakimu hiyo ya pili ina maana kubwa, kwa sababu maji ya chumvi hukusanyika chini ya mashua, mahali pale pale mizigo inapowekwa.

Aidha, atazame kama sanduku lina vali ya kusawazisha hewa. Sanduku lisilopitisha hewa likipandishwa ndege na kushushwa, tofauti ya kani ya hewa hulibana kifuniko kikakataa kufunguka. Vali hupitisha hewa na kuzuia maji.

Ndani ya sanduku, kinachofanya kazi ni sponji. Hapa wengi huponzwa. Sponji ya godoro ni laini na hupendeza kwa mkono, lakini hunywa maji, husinyaa baada ya muda, na hatimaye humeguka vipande vidogo ambavyo huingia kwenye mota. Inayofaa ni ile nzito yenye vitundu vilivyozibika, ambayo haifyonzi maji na hurudia umbo lake baada ya kubonyezwa. Ile iliyokatwa kwa umbo la droni fulani hushika vyema, ila siku mwenyewe atakapobadilisha droni, sponji hiyo haitamfaa tena. Vigawanyo vinavyohamishika havishiki kwa uthabiti kama huo, lakini hudumu na mtu hata abadilishapo vyombo vyake.

Wasio na uwezo wa kununua sanduku la kigeni wana njia ya tatu. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi, wale wanaounda masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, wanaweza kuunda la vipimo vyovyote, na fundi wa viti akakata sponji ya ndani. Sanduku hilo huhimili kukaliwa na kurushwa juu ya matatu, kama mzazi yeyote ajuavyo. Lakini lina kasoro tatu ambazo sharti zirekebishwe: kifuniko chake hupitisha vumbi na maji, bati hupata joto kali juani, na betri iliyo wazi ikigusa bati kwa ncha zake zote mbili huweza kuwaka. Mkanda wa mpira wa milango ya gari ukigandishwa ukingoni hupunguza kasoro ya kwanza. Ya pili na ya tatu dawa yake ni moja, nayo ni kutoweka betri humo.

Sanduku gumu lina mpaka ambao Mkenya hukutana nao mapema kuliko mpigapicha wa Ulaya. Kampuni nyingi za ndege ndogo zinazoondoka uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara na mbuga nyingine huweka kikomo cha kilo 15 kwa abiria, na hutaka mizigo iwe katika mifuko laini inayoweza kusukumizwa ndani ya nafasi finyu ya ndege. Sanduku lililosifiwa katika uwanja wa Jomo Kenyatta, ambako kilo 23 ni kiwango cha kawaida cha mzigo mmoja katika safari nyingi za kimataifa, huweza kukataliwa Wilson, kilomita chache tu kutoka hapo. Hata katika ndege kubwa, mzigo ambao urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa hupita sentimita 158 kwa kawaida hutozwa ada ya ziada. Masanduku yaliyoundwa ili droni ikae na kamera yake bila kufunguliwa ni makubwa, na huweza kuvuka kipimo hicho.

Basi kwa safari za Mara na za milimani, shanta ndilo jibu. Lakini shanta la kilo 13 au 14 si mfuko wa shule. Sharti liwe na mkanda mpana wa kiunoni, kwa kuwa uzani mwingi unapaswa kubebwa na nyonga wala si mabega. Liwe na ubao au fremu mgongoni, la sivyo pembe za droni zitamchoma mwenyewe. Zipu ifunguke upande unaogusa mgongo. Shanta likilazwa chini kwenye tope au majani yenye umande, upande unaokaa mgongoni hubaki juu na hauchafuki. Isitoshe, zipu ya upande huo haifunguliwi na mwizi katika msongamano wa watu. Vitu vizito, hasa betri, vikae karibu na uti wa mgongo katikati, visiwekwe chini kabisa wala mfukoni mwa nje.

Mshono wa kamba za mabegani ndio unaostahili kukaguliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Shanta nyingi za bei nafuu hukatikia hapo.

Iwe shanta au sanduku, kiungo dhaifu ni gimbali, yaani kile kishikio chenye mota tatu kinachoituliza kamera. Kikitikisika kwa saa nane kwenye barabara ya Maralal bila kufungwa, huumia hata kama droni imezungukwa na sponji kila upande. Phantom 4 ina kibanio chake cha kuzuia gimbali. Kisitupwe pamoja na katoni. Inspire 2 hutaka hatua zaidi: kamera huondolewa, kisha droni huamriwa kujilaza hadi iwe bapa kwa ajili ya safari, na rafadha huchomolewa. Kwa hivyo chombo chake kiwe na chumba cha pekee cha kamera, kilicho mbali na betri. Betri ya nusu kilo iliyolegea ndani ya mzigo ni nyundo.

Betri hizo ndizo zenye hatari kubwa kuliko yote, na si kwa mwenye droni pekee. Mnamo Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka ndani yake, na marubani wake wawili wakafa. Wachunguzi walielekeza chanzo cha moto huo kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Kuanzia Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipiga marufuku kusafirishwa kwa betri za lithiamu-ioni zikiwa shehena peke yake katika ndege za abiria.

Abiria naye ana kanuni zake. Betri za akiba haziwekwi kamwe katika mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Hubebwa mkononi, na kila moja ncha zake zimefunikwa. Nguvu yake hupatikana kwa kuzidisha volti kwa saa za ampea. Betri ya TB50 ya Inspire 2 ina volti 22.8 na saa za ampea 4.28, yaani wati-saa 97.58, chini kidogo ya kikomo cha 100 ambacho hakihitaji idhini. Kati ya 100 na 160, idhini ya shirika la ndege huhitajika na betri za akiba ni mbili tu. TB48 ya Inspire 1, yenye karibu wati-saa 130, imo katika kundi hilo. Zaidi ya 160, kama vile TB60 ya droni za Matrice 300 yenye wati-saa 274, haiingii na abiria hata kidogo.

Hii ndiyo sababu mnunuzi mwenye busara huwa na vyombo viwili: kikubwa cha mwili wa droni, na kidogo cha betri na kamera ambacho hakitoki mkononi mwake. Kidogo hicho nacho kipimwe kabla ya kununuliwa. Sanduku la Pelican aina ya 1510, lililoundwa kwa vipimo vya ndani ya ndege, lina takriban kilo 6 likiwa na sponji yake. Pale shirika linaporuhusu kilo 7 mkononi, hubaki nafasi ndogo sana ya betri. Mkoba laini wa kilo moja una faida hapo. Na ikiwa mhudumu ataamua langoni kwamba mkoba huo uende chini, betri zitolewe kwanza.

Nje ya ndege, adui ni joto. Gari lililofungwa juani Garissa au Lodwar si mahali pa kuacha betri, na zinazokaa siku nyingi bila kutumika zihifadhiwe zikiwa na takriban nusu ya chaji. Iliyovimba isisafirishwe. Pwani, vifuko vya kukausha unyevu viwekwe ndani ya sanduku na kubadilishwa, maana sanduku lisiloingiza maji pia haliutoi unyevu uliofungiwa humo.

Rangi na maandishi navyo vina uzito wake. Sanduku lenye jina la kampuni ya droni kwa herufi kubwa humtangazia mwizi kilichomo, ilhali lililochakaa lisilo na alama hupita bila kutazamwa mara mbili.

Mwisho, chombo chochote kiwe na mfuko mmoja wa karatasi, usioingia maji. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2020 hutaka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na anayetaka kuirusha katika mbuga za taifa huhitaji pia idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayevuka Namanga kwenda Tanzania atafute kibali cha huko kabla ya kufunga safari. Cheti, risiti ya ununuzi na nambari ya droni vikae katika mfuko huo, kwa sababu askari wa kizuizini hatangoja mtu apekue chini ya sponji.