Fuma

Mwalimu akikwambia "leo tunafuma", bado hujui kama utashika kulabu moja au sindano mbili. Kiswahili kimeviweka vyote chini ya fuma: vitambaa vya makochi vya sebule za Mwanza, sweta la mtoto, hata nguo ya kiwandani yenye mtande na mshindio. Anayetaka kubainisha hutaja chombo: kufuma kwa sindano, kufuma kroshia. Sioni upungufu hapo. Ajabu iko ziwani: wavu ni uzi na matundu kama kroshia, lakini ukichanika mvuvi huushona. Fuma ndiyo iliyotuzalia mfumo, neno ambalo maofisa hulitamka kutwa bila kuukumbuka uzi. Ile ya kuchoma kwa mshale, iliyozaa fumania, ni fuma nyingine.