Hiari ya Kibarua

Kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu, Mtongwe, kuna ujumbe unaoujua kabla hujaufungua. Kwanza salamu, halafu picha ya mgonjwa, kisha jumla ya bili, na mwisho nambari ya simu ya kutumia pesa. Mwaka 2019 picha ilikuwa ya babangu, na aliyeandika ujumbe ni mimi.

Baba alikuwa kibarua kwenye magodauni ya Changamwe. Kila alfajiri anavuka feri, anapanda matatu, anasimama getini. Akichukuliwa, kuna pesa jioni. Asipochukuliwa, anarudi. Kadi ya bima alikuwa nayo. Alilipa shilingi 500 kwa mwezi kwa miaka miwili hivi, akaruka mwezi, akaruka mwingine, mwishowe akaacha. Nilipomuuliza akaniambia, "Mwanangu, miezi ile nilikuwa mzima." Basi karo yangu ya muhula ikaenda hospitalini, nami chuoni sikurudi.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Ni kwamba tangu siku hiyo najiuliza: nani aliamua kuwa kwa mtu kama baba, bima iwe jambo la hiari?

Hiari hiyo ina tarehe. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilifuta ada ya shilingi tano iliyoachwa na mkoloni kwa wagonjwa wasiolazwa. Julai 1966 ikaja sheria ya NHIF. Ilimlazimu mwenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, akikatwa shilingi 20. Wakati ule, mpagazi wa Kilindini hakuwa mtu wa mshahara huo. Mwaka 1972 sheria ikarekebishwa, na waliojiajiri wakaruhusiwa kujiunga wakitaka.

Hapo pakawa na milango miwili. Mwenye hati ya mshahara alikatwa kabla hajaiona pesa yake. Asiye nayo aliachiwa achague. Na Mombasa ni mji wa wasio nayo tangu zamani. Migomo ya 1939 na 1947 iliwashtua wakoloni kiasi kwamba miaka ya 1950 wakaanza kupunguza ukibarua bandarini na kuwaajiri makuli kwa utaratibu. Lakini ukibarua haukwisha, ulihamia kwenye magodauni, mijengo na masoko. Sheria ya bima iliandikwa kama kwamba kila mtu hulipwa mwisho wa mwezi.

Kwa miaka mingi hilo halikuuma sana, manake hospitali ya serikali ilikuwa bure. Desemba 1989 ikaja ada ya kuchangia gharama. Ilisimamishwa 1990, ikarudi awamu kwa awamu miaka iliyofuata. Kuanzia hapo, asiye na bima alianza kuona bei ya hiari yake.

Bima yoyote inasimama kwa wazima kuwalipia wagonjwa. Ukiifanya hiari kwa watu wasio na akiba, wengi watangoja mpaka waumwe ndipo wakimbilie kadi, na mfuko utajaa wagonjwa. Mfuko nao hujikinga kwa kuweka muda wa kungoja na faini kwa waliochelewa. Hizo faini humfukuza yuleyule kibarua aliyeruka miezi miwili kwa kukosa kazi. Mwaka 2015 mchango wa hiari ulipanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Hebu fikiria unauza viazi karai Kisauni, kisha unaambiwa bima imepanda mara tatu.

Palikuwa na nafasi ya kurekebisha. Mwaka 2004 Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alipeleka bungeni mswada wa bima ya kila Mkenya. Bunge likaupitisha. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi, na hoja kubwa ilikuwa gharama: serikali ingetoa wapi pesa za kuwalipia maskini?

Lakini gharama haikuondoka. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni haki, na ni vizuri iwepo. Ila mtu akishatibiwa, bili inabaki mezani. Hospitali ya umma ikimsamehe, pesa hiyo inatoka mahali ambapo ingenunua dawa na glavu. Zamani zaidi mgonjwa alizuiliwa wodini mpaka ndugu walipe. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, kwamba kufanya hivyo ni kuvunja Katiba. Kinachobaki kinaangukia mtaa. Si Kenya tu. Marekani tangu 1986 hospitali hulazimika kupokea wagonjwa wa dharura, na bado mwaka 2010 wapiga kura wa Missouri waliunga mkono sheria ya kupinga watu kulazimishwa kuwa na bima. Hiari ni ya mmoja, bili ni ya wote.

Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya, ikazaa SHA. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ikaanza. Sasa kila mtu anatakiwa kujisajili. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini kwa yeyote ni shilingi 300 kwa mwezi. Ila asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya shilingi 3,600. Baadaye ukaja mpango wa kumkopesha pesa hizo.

Mimi siipingi lazima. Baada ya yaliyotupata, nitaipingaje? Ila mtu anayelipwa kwa siku akidaiwa ya mwaka, ile lazima ipo kwenye karatasi tu. Ataruka, kama baba alivyoruka. Sheria hiyohiyo inasema serikali itawalipia wasiojiweza. Hapo ndipo pa kuishikia, kwa sababu ndilo swali la 2004 ambalo halijajibiwa.

Bado ninalo daftari la 2019. Kuna aliyetuma elfu mbili, na kuna mama wa mbaazi aliyetuma hamsini. Wengi wao, picha zao au za watoto wao zimeshapita kwenye kikundi kilekile, nami nikatuma nilichonacho. Mtongwe tumekuwa tukilipia hospitali miaka yote hii, na hakuna bajeti ya serikali iliyowahi kuzihesabu hizo hamsini.